Droo inajaa, mtaji unapungua: duka, kuku na karakana vikila chungu kimoja

SWALI

Wapendwa washauri,

Habari za kazi. Naandika kutoka Kihonda, Morogoro. Nyumbani kwetu tuna biashara tatu. Mimi nina duka la rejareja lenye kidirisha cha wakala wa pesa za simu. Mume wangu anafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba, banda la mita 4 kwa 6. Mdogo wangu wa kiume ana karakana ya useremala. Mtaji tulimpa sisi na tulikubaliana tugawane faida.

Pesa zinaingia kila siku. Lakini huu ni mwaka wa tatu na rafu za duka zinazidi kuwa wazi. Kuku wakihitaji chakula nachomoa kwenye floti, yaani pesa za kuendeshea uwakala. Karakana ikikwama kwenye mbao nachomoa dukani. Ada ya shule ikifika tunauza kuku haraka haraka. Namba naziandika, ila kuzisoma ndiyo siwezi.

Duka, mwezi uliopita: mali mwanzo wa mwezi 3,200,000 kwa bei ya kununulia, nikanunua mzigo wa 4,100,000, mwisho wa mwezi ikabaki mali ya 2,950,000. Mauzo, pamoja na niliyokopesha, 4,820,000. Vitu vilivyokwenda nyumbani 130,000, hivyo nimeviandika kwa bei ya kununulia. Kodi ya fremu 100,000, msaidizi 120,000, usafiri 45,000, luku 30,000, taka na ulinzi 15,000. Nilichukua 200,000 taslimu za matumizi ya nyumbani. Kamisheni ya wakala 85,000, ikaishia kwenye chakula cha kuku. Daftari la madeni lina 640,000 ambazo watu hawajalipa.

Kuku, kundi la mwisho: vifaranga 200 kwa 1,600 kila mmoja. Chakula mifuko 14 ya kilo 50, kila mfuko 70,000. Chanjo na vitamini 48,000, mkaa 70,000, usafiri 30,000, luku na maji 22,000. Walikufa 14, tukala 6, tukauza 180 kwa 8,000. Sitini waliondoka siku ya 34, wengine 120 tuliwauza mmoja mmoja mpaka siku ya 49. Maranda tunachukua bure karakana. Mume wangu anasema tumepata faida ya 140,000.

Karakana: kitanda cha tano kwa sita cha mninga anauza 450,000. Vifaa vyote 290,000, msaidizi 15,000 kwa siku kwa siku 4, kupasua na kuranda mashineni 20,000, kupeleka kwa mteja 15,000. Kodi na umeme 100,000 kwa mwezi, na kwa mwezi anatoa vitanda 6. Anachukua advansi nusu. Akiitwa kibarua kwa fundi mwenzake hulipwa 25,000 kwa siku.

Sasa kikoba chetu kiko tayari kunipa 2,000,000, nirudishe 2,200,000 ndani ya miezi mitatu. Mume wangu anataka tufuge kuku 500. Mdogo wangu anataka mashine ya kuranda, ameiona ya 1,600,000. Mimi natamani kujaza duka. Kila mmoja anasema kwake ndiko kwenye faida. Kikao ni Jumapili ijayo. Nimsikilize nani?

Mama wa Biashara Tatu


JIBU

Dada yetu,

Usiuchukue mkopo huo Jumapili. Tunalitanguliza hili kwa kuwa siku zako ni chache, na sababu zake zimo kwenye namba ulizotuletea. Umeandika vizuri kuliko unavyodhani. Wengi wanaotuandikia hawajui hata mfuko wa mwisho wa chakula walinunua lini.

Tuanze na kuku, maana huko pesa inapotea bila mtu kuiona ikitoka.

Mume wako amepata 140,000 kwa sababu kwenye mauzo ya 1,440,000 ametoa vifaranga na chakula peke yake. Ukiongeza chanjo, mkaa, usafiri, luku na maji, gharama inafika 1,470,000. Kwa pesa taslimu ni hasara ya 30,000. Tuwahesabu na wale 6 mliokula kwa bei ya sokoni, 48,000, basi kundi zima limezaa 18,000 kwa siku 49. Na hapo aliyeamka usiku kuchochea mkaa hajalipwa senti.

Angalia siku ya 34. Kuku wa umri huo hula kama gramu 160 kwa siku. Mfuko wa 70,000 una kilo 50, maana yake kilo moja ni 1,400, na kuku mmoja anakula chakula cha shilingi 224 kila siku anayobaki bandani. Kama mngeuza kwa kilo, angalau uzito anaoongeza ungewalipa kidogo. Lakini nyinyi mnauza kwa kichwa. Aliyeondoka siku ya 34 kaleta 8,000, na aliyeondoka siku ya 49 kaleta 8,000 hiyohiyo baada ya kula 3,360 zaidi. Kuku 120 wakipungua kidogo kidogo kwa siku 15 ni sawa na kuku 60 kukaa siku zote hizo: kilo 144 za chakula, karibu mifuko 3. Faida yenu iliishia kwenye mifuko hiyo.

Sasa linganisha na mnunuzi wa jumla ambaye huenda mlimkataa kwa kuwa alitaka kuku kwa 7,500. Punguzo la 500 ni chakula cha siku mbili na kidogo. Kuku ambaye hana mteja wa uhakika ndani ya siku tatu, mpe wa jumla. Kundi lilelile, kama wale 120 wangeondoka siku ya 35 kwa 7,500, mngepoteza 60,000 kwenye bei na kuokoa 210,000 za chakula. Badala ya 18,000 mngebaki na 168,000. Ukimlipa mhudumu wa banda 3,000 kwa siku kwa siku 35, ambayo ni 105,000, inabaki 63,000. Ni ndogo, lakini ni faida ya kweli.

Kwa hiyo kazi ya kutafuta wateja haingoji kuku wakue. Siku ya 21 mume wako aanze kupita kwa mama lishe, wauza chipsi na migahawa akiandika oda kwa jina, idadi na siku ya kuchukua, na achukue advansi ya 2,000 kwa kila kuku. Oda isiyo na advansi aihesabu kuwa nusu. Siku ya 30 apime kuku 10 waliokamatwa ovyo kutoka pembe zote za banda, siyo wale wakubwa wanaokimbilia chakula, ili ajue wastani. Siku ya 33 ampigie wa jumla kwa idadi yote isiyo na oda. Ikiwa kuna dawa ya kutibu waliyopewa, asome kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuchinja na aziheshimu. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutoruhusu ugonjwa uingie wiki ya mwisho.

Vifo 14 kati ya 200 ni asilimia 7. Lengeni kushuka chini ya 5. Lakini kuliko kuhesabu wangapi, andikeni walikufa siku gani. Kifaranga akifa siku ya 3 mmepoteza 1,600 na chakula kidogo. Kuku akifa siku ya 30, amekwisha kula kama kilo 2, kwa hiyo mmezika karibu 4,400. Vifo vya wiki ya kwanza mara nyingi ni joto au vifaranga dhaifu tangu walikotoka. Wiki ya kwanza joto la usawa wa mgongo wa kifaranga liwe nyuzi 32 hadi 34, kisha lishushwe kama nyuzi 3 kila wiki. Hata bila kipimajoto, vifaranga wenyewe wanasema: wakirundikana chini ya jiko wana baridi, wakikimbilia kuta na kuhema midomo wazi wana joto, wakitawanyika sawasawa wako vizuri. Jiko la mkaa linahitaji hewa itoke juu; banda lililozibwa kabisa ili kutunza joto linaua kwa gesi ya mkaa. Vifo vya kuanzia wiki ya tatu ni habari nyingine, hapo tazameni chanjo: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, na mthibitishe ratiba hiyo na mtaalamu wa mifugo wa kata yenu. Chanjo ya maji ikichanganywa kwenye maji ya bomba yenye klorini au ikikaa juani inakufa, na mnakuwa mmenunua maji.

Vyombo vya chakula viinuliwe vifike usawa wa mgongo wa kuku, na visijazwe zaidi ya theluthi moja. Chombo kikiwa chini wanakwangua kwa miguu na chakula kinaishia kwenye maranda. Hiyo ni pesa inayokanyagwa.

Kuhusu maranda: siyo ya bure. Mwandikieni mdogo wako bei ambayo angewauzia watu wengine. Na mchague. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa yasiingie bandani kabisa. Vumbi laini la msumeno pia lisitumike kwa vifaranga, wanalila na linawakaba pumzi. Maranda makavu ya randa, unene wa sentimita 5 hadi 8, ndiyo yanayofaa.

Je, kuku 500? Banda lenu lina mita za mraba 24. Kwa kuku 10 kila mita, linabeba 240. Wakizidi hapo watabanana, maranda yatalowa, kutakuwa na kikohozi, na vifo vitakuja wiki ileile ambayo kuku ana gharama kubwa. Lakini tuseme banda linaongezwa. Kuku 500 wakila kilo 2.8 kila mmoja hadi siku ya 35, ni kilo 1,400, mifuko 28, yaani 1,960,000. Mkopo wote umekwisha kwenye chakula, na vifaranga vya 800,000 bado, mkaa bado, chanjo bado. Ukiwa na matumizi kama ya kundi lililopita, kuku 500 wanataka kama 3,185,000 mpaka wanafika sokoni.

Hapa ndipo wafugaji wengi wanapoangukia, na tunaomba mume wako asome aya hii mara mbili. Zaidi ya nusu ya chakula chote cha kuku wa nyama huliwa wiki mbili za mwisho. Wiki tatu za mwanzo mambo yanaonekana mepesi, pesa inatosha, mtu anajiona mjanja. Wiki ya nne mifuko inaanza kuisha kila siku mbili, na pesa ndiyo imekwisha. Anaanza kuchanganya pumba ili kisogee. Kuku anapunguza kukua, anachelewa kufika uzito, na kila siku ya kuchelewa anaendelea kula. Anayeishiwa pesa siku ya 26 huuza siku ya 45. Kwa hiyo pesa ya chakula cha siku zote 35 iwe imetengwa kabla vifaranga hawajaingia bandani. Kama haipo yote, punguza vifaranga.

Tuje karakana.

Kitanda cha 450,000: toa vifaa 290,000, msaidizi 60,000, mashine 20,000, usafiri 15,000. Inabaki 65,000. Kodi na umeme 100,000 ukigawa kwa vitanda 6 ni karibu 16,700 kwa kila kimoja. Inabaki 48,300. Mdogo wako ametumia siku 4, ambazo kwa fundi mwenzake angelipwa 100,000. Anajifanyia kazi mwenyewe kwa chini ya nusu ya thamani ya mikono yake, na bado mnasubiri mgawane faida. Faida hiyo haipo. Mnachogawana ni ujira wake, na yeye ndiye anayebaki na deni la mbao. Tunasema hivi kwa upendo: msimlaumu kwa kutoleta mgao.

Gharama halisi ya kitanda kile, fundi akilipwa, ni kama 502,000. Bei ya kuanzia mazungumzo isiwe chini ya 550,000. Kama mtaa haulipi hiyo, basi ni kitanda kinachopaswa kubadilika. Chaga zinazolala chini ya godoro hazina haja ya kuwa mninga. Paini kavu inatosha, na mteja aambiwe waziwazi kabla hajalipa. Kichwa cha kitanda kikitengenezwa kwa fremu na paneli nyembamba kinakula mbao kidogo kuliko kile cha ubao mzima. Na anapopiga hesabu ya mbao ahesabu mbao alizonunua, siyo zile zinazoonekana kwenye kitanda kilichokamilika. Vipande vinavyobaki vya mninga na mkongo vina soko lake: vibao vya kusukumia chapati, mbuzi za kukunia nazi, vigoda. Siku moja ya kila wiki mbili kwa kazi hiyo inaweza kulipa kodi ya karakana, mradi vipande vipangwe kwa urefu badala ya kutupwa kwenye kona vikasubiri kuwa kuni.

Advansi ya nusu ni 225,000, na vifaa ni 290,000. Pengo la 65,000 linajazwa na nani? Na mteja wa pili. Advansi ya wa pili inamalizia kitanda cha wa kwanza, ya wa tatu inamalizia cha wa pili, na siku wateja wakikauka wiki mbili, fundi anazima simu. Mafundi wengi wanaoitwa matapeli walianza hivi, bila nia yoyote mbaya. Advansi iwe 300,000, na mbao, skrubu, gundi, msasa, sila na vanishi vinunuliwe siku hiyohiyo kabla pesa haijalala. Mteja asiyeweza 300,000 alipe kwa awamu, kazi ianze zikitimia.

Mbao mbichi nazo zinakula faida kimyakimya. Ubao hukauka ukiwa tayari umekuwa kitanda, unasinyaa upana wake (urefu haubadiliki kitu cha kuonekana), viungo vinaachia, kitanda kinapiga kelele, mteja anakirudisha. Siku moja ya kurudia na usafiri wa kwenda na kurudi vinameza ile 48,300 yote. Mbao zipangwe kivulini, juu ya sakafu, na vijiti katikati ya kila safu ili hewa ipite. Na atenge oda moja mbele: mbao zinazonunuliwa leo zitumike kwa kitanda cha mwezi ujao.

Mashine ya kuranda: leo analipa 20,000 kwa kila kitanda, vitanda 6 ni 120,000. Akiwa na yake atalipa umeme na kunoa visu. Tuseme 35,000 kwa mwezi. Ataokoa 85,000. Mashine ya 1,600,000 itajilipa kwa miezi 19. Mkopo wako unadaiwa ndani ya miezi 3. Siyo kwamba mashine ni mbaya. Ni kwamba pesa ya miezi mitatu hainunui kitu cha miezi kumi na tisa. Ikiwa mafundi wa jirani watakuja kuranda kwake kwa malipo, hesabu inabadilika, lakini awe na majina yao na idadi ya mbao wanazopeleka mashineni kila wiki, siyo matumaini.

Duka lako, dada. Mali ya mwanzo 3,200,000, ongeza manunuzi 4,100,000, toa iliyobaki 2,950,000: uliuza mali iliyokugharimu 4,350,000. Mauzo 4,820,000 pamoja na vya nyumbani 130,000 ni 4,950,000. Faida ghafi 600,000. Gharama zako jumla 310,000. Inabaki 290,000. Wewe ulichukua 200,000 taslimu na bidhaa za 130,000, jumla 330,000. Kila mwezi wa namna hiyo unakula 40,000 ya mtaji. Miezi kumi na miwili ni 480,000. Ndiyo rafu zinazobaki wazi. Hakuna mwizi wala chuma ulete. Jipangie kiwango, tuseme 250,000 kwa mwezi, bidhaa zikiwemo ndani yake, na zikiisha kabla ya tarehe nyumba ijibane.

Angalia pia pesa yako imelala wapi. Chukua sukari: mfuko wa kilo 50 kwa 135,000 ni 2,700 kwa kilo, ukiuza 3,000 unapata 300. Mfuko mzima ni 15,000, lakini ukipima robo robo na mkono ukawa mwepesi, kilo moja inapotea, na kilo hiyo ni 3,000, sehemu moja ya tano ya faida yako. Weka 12,000. Ikiisha kwa siku 4, mfuko unazunguka kama mara 7 kwa mwezi: 84,000 kutoka kwenye 135,000 ileile. Sasa chupa za chai na mahotipoti: umeweka 135,000, faida ni kubwa, 54,000, lakini yanakaa miezi mitatu. Hiyo ni 18,000 kwa mwezi. Faida kubwa kwenye kitu kisichotoka ni ndogo. Pitia rafu zako, kila kilichokaa siku 60 bila kuguswa kipunguze bei hadi ile uliyonunulia na pesa irudi kwenye unga, mchele, sukari, sabuni na mafuta.

Lakini usifikirie kwamba mifuko 10 ya sukari itazunguka kwa kasi ya mmoja. Wateja wako wanakula mfuko mmoja kwa siku 4. Wa pili utakaa tu ukingoja zamu. Ndiyo maana hata "kujaza duka" kwa mkopo hakutakusaidia. Kinachoongeza mauzo ni vitu walivyouliza ukakosa. Weka karatasi kando ya mzani, msaidizi aandike kila kilichoulizwa kikakosekana, kwa wiki mbili. Karatasi hiyo ndiyo orodha yako ya kununua.

Deni la 640,000 ndilo linalotuumiza zaidi. Kilo moja ya sukari iliyokopwa isilipwe, inakulazimu uuze kilo 9 nyingine ili urudishe tu 2,700 yako. Na hata ikilipwa baada ya mwezi, pesa hiyo imekosa mizunguko 7. Panga wadaiwa kwa makundi: wanaopokea mshahara, fuata tarehe za mshahara, wanaouza vitu, chukua kidogo kila jioni, hata 1,000, waliohama au wanaokukwepa, wafute kwenye hesabu ili usijidanganye. Kwa wapya weka kikomo cha 10,000 kwa kaya na hakuna mkopo wa pili kabla wa kwanza haujaisha. Ukikusanya hata nusu ya daftari hilo, umepata 320,000 zisizo na riba na zisizo na kikao.

Floti ya wakala usiiguse tena kwa chakula cha kuku. Mteja akija kutoa 200,000 akaambiwa hakuna, harudi kesho, anahamia kibanda cha jirani na sukari yake anainunua hukohuko.

Kodi ya serikali hatukuiweka kwa kuwa hukuitaja. Kodi ya makadirio ya TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa wafanyabiashara wadogo hupimwa kwa mauzo ya mwaka, siyo kwa faida. Duka lenye mauzo makubwa na faida nyembamba kama lako linaihisi zaidi kuliko fundi. Igawe kwa miezi 12 na uitoe kwenye ile 290,000 kabla hujaiita yako.

Sasa mkopo wenyewe. 2,200,000 kwa miezi mitatu ni karibu 733,000 kila mwezi. Duka linatoa 290,000, kamisheni 85,000, karakana kama 290,000 ambazo ni ujira wa mdogo wako, kuku kama 11,000. Jumla 676,000, kwa sharti kwamba hakuna mtu anayekula, anayesoma wala anayeugua kwa miezi mitatu. Marejesho yangetoka kwenye mtaji, na rafu ndizo zingelipa.

Fanyeni hivi badala yake. Tenganisheni kuanzia Jumatatu: madaftari matatu, laini tatu za simu au bahasha tatu, na kila pesa inayovuka kutoka biashara moja kwenda nyingine iandikwe kama deni lenye tarehe ya kurudi. Mdogo wako ajilipe ujira kwanza kwa kila kitanda. Mgao uanze baada ya hapo. Mume wako aingize vifaranga 200 tena, siyo zaidi, baada ya banda kusafishwa na kupumzika siku 14, akiwa na pesa ya mifuko 11 mkononi. Wewe kusanya madeni na uhesabu mali tarehe 1 ya kila mwezi kwa bei ya kununulia.

Kikoba waambie ukweli: unaomba zamu yako isogezwe mzunguko mmoja. Kundi lijalo likifika siku ya 35, tuandikie idadi ya mifuko iliyotumika mpaka siku hiyo na idadi ya kuku waliobaki bandani. Kwa namba hizo mbili tutaweza kukwambia kama mume wako yuko tayari kuongeza banda.